Korongo Lililokula Kaburi la Mama

Mama yangu alinyang'anywa kaburi lake akiwa hai, tena akiwa anapalilia maharage. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, jua likatoka, naye akaingia shambani na jembe lake. Akasikia kishindo nyuma yake, kama ng'ombe anapojibwaga chini. Alipogeuka, kipande cha ardhi kilichokuwa kando ya kaburi la baba hakikuwepo. Kilikuwa kimeshuka korongoni na majani yake bado yamesimama, kikatulia kule chini kama kipande cha mkate. Mvua iliyofuata ikakimalizia.

Nieleze vizuri, maana hata mawifi zangu wa mjini wakisikia habari hii hudhani nimeonja pombe. Kwetu Mbulumbulu, juu ya Karatu, mtu huzikwa shambani kwake. Baba alizikwa mwisho wa shamba, chini ya mparachichi, akajengewa saruji na msalaba. Siku ile ile ya maziko mama aliwaonyesha wachimbaji mahali pake: upande wa kushoto. Kitandani alilala kushoto, ukutani, miaka yote ya ndoa yao, na baba akalala upande wa mlangoni ili fisi akija zizini awe wa kwanza kuamka. Mama hakuona sababu ya kubadilisha mpango huo. Alipanda maua pale mahali pake, akawa anapapalilia, na wageni wakija anawapeleka kuwaonyesha, kama mtu mwingine anavyoonyesha sebule mpya.

Kumbe huko ukutani ndiko korongo lilikokuwa linakuja.

Nikisema korongo, nasema kama tunavyosema sote huku: lile shimo refu ambalo maji ya mvua hulichimba yakifuata njia ya ng'ombe au ya mkokoteni. Nilipokuwa msichana nililiruka letu nikiwa na mzigo wa kuni kichwani. Sasa ukimtupa mbuzi mle humsikii akilia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hupenda kusema watu wa semina. Kwetu ukuta wenyewe ulishaingia kwenye ufa, ukuta wa choo cha jirani yetu, pamoja na bati lake, na bahati njema jirani alikuwa ametoka humo muda si mrefu.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ana busara nyingi kwa sababu anaishi mbali, alipiga simu akasema mama ahamie upande wa kulia wa baba, kuna nafasi tele. Mama aliishika simu kama anavyoshika panya.

"Nimelala kushoto tangu niolewe," alimwambia. "Kulia nitamgeukiaje baba yako? Atadhani ni mwanamke mwingine."

Nilicheka, kisha nikakasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo sokoni Karatu kila mteja wa cherehani yangu analijua. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikirudi kulala kwa mama kila siku, na ndiye niliyeona jinsi alivyoanza kuacha chakula sahanini. Alitaka mahali pake parudi, na parudi kabla masika mengine hayajamchukua baba mwenyewe, maana sasa kati ya saruji ya baba na ule ukingo palibaki pa kuweka kiti tu. Kila asubuhi alisimama pale akiligombeza korongo kwa Kiiraqw chetu, kwa maneno ambayo sitayaandika. Nilidhani anaanza kuchanganyikiwa. Baadaye nilijikuta na mimi naligombeza.

Basi, mwenyekiti wa kitongoji akapita nyumba kwa nyumba na habari njema. Alikuwa amepigiwa simu kutoka mjini kwamba unakuja mradi wa kuhifadhi korongo. Wataalamu watafika Jumatano, tukutane kwenye darasa la shule.

"Mradi wa korongo?" mama aliuliza. "Korongo hizi?"

"Kwani kuna nyingine?" alisema mwenyekiti. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Kuanzia hapo kijiji kikaharibika akili. Mpaka wiki ile, kuwa na korongo shambani ilikuwa aibu, kama kuwa na mtoto mwizi. Watu walipitisha wageni njia ya mbali wasilione. Sasa kila mtu alikuwa anajisifia la kwake. Nilisikia wanaume wawili wazima, wote wazee wa kanisa, wakibishana kisimani korongo la nani ni refu zaidi. Jirani wa choo, aliyekuwa amejaza takataka kwenye la kwake kwa miaka, aliwakodi vijana wakazitoa zote ili lionekane vizuri. Mama hakujisifu. Alifua kitenge chake cha Pasaka, akakipiga pasi.

Mtaalamu alikuwa bwana wa makamo mwenye tumbo la heshima, mtu wa pwani, na tangu alipofungua mdomo tukawa tunamsikiliza kama redio. Kiswahili chetu cha huku tulikipata shuleni, kwa fimbo, na tukitoka darasani tuliacha nusu yake mle ndani. Chake kilitiririka. Alitusalimia wote, akamwamkia mama shikamoo ndefu, akasema yeye amekulia kwenye mlango wa mto, kule mto mkubwa unapoingia baharini. Akatueleza habari za mikoko inayosimama ndani ya maji ya chumvi, kaa, kamba, wavuvi, ndege wa kila aina, na jinsi wanakijiji wa kule walivyounda kamati wakavilinda vyote mpaka vikarudi.

Mama alinyoosha mkono. "Mto una mlango?"

"Ndiyo, bibi. Pale unapotokea."

"Nani anaufunga?"

Mtaalamu alicheka kwa adabu, akasema hakuna anayeufunga. Mama akakaa, na nikamwona usoni kwamba amewadharau watu wa pwani kwa uzembe huo.

Kisha yakaanza maswali yake kwetu. Nayaandika kama nilivyoyasikia, maana nilikaa benchi la mbele, magoti yakinigusa kidevu, lile benchi likiwa la darasa la kwanza.

"Korongo wenu wanakaa wapi hasa?"

"Nyuma ya nyumba," alijibu jirani wa choo. "Nyingine iko karibu na kanisa."

"Karibu hivyo na watu?"

"Zinatufuata. Zamani zilikuwa mbali."

Mtaalamu alifurahi mpaka akasugua mikono. "Na wanaongezeka wakati gani?"

"Masika," alisema mwenyekiti. "Ikinyesha sana, asubuhi unakuta imezaa. Kadogo kwanza, pembeni. Halafu kanakua."

Hapa lazima niseme jambo kuhusu lugha, kwa sababu ndilo lililotuponza. Sisi wa bara tunasema ng'ombe zangu zimekunywa, mbuzi zako zimeingia shambani. Mtu wa pwani linamchoma sikio, lakini mtaalamu wetu alikuwa amelelewa vizuri, hakutaka kutusahihisha mbele ya watoto wetu. Akisikia korongo zinakula, moyoni alijisemea, ah, hawa ni watu wa bara. Na sisi tulipomsikia akisema korongo wanakula, korongo wanalala, tulitazamana kwa heshima. Mwalimu mstaafu aliyekaa pembeni yangu alininong'oneza kwamba ndio ustaarabu wa pwani huo, kule hata shimo wanalisemea kama mtu.

"Wanakula nini?" aliuliza mtaalamu.

"Mahindi. Maharage. Ngano," walijibu watu kwa pamoja.

"Yangu ilikula choo," alisema jirani.

Mtaalamu alimgeukia. "Choo?"

"Kizima. Na bati."

Alifikiri, akaamua kuliruka hilo. Ndipo mama aliposimama na kitenge chake cha Pasaka.

"Yangu imekula kaburi," alisema.

"Pole sana, bibi. Kaburi la nani?"

"Langu."

Yule bwana alimtazama mama toka kichwani hadi miguuni. Alikuwa mzima kabisa. Akageuka kunitazama mimi, nami nikaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Baadaye aliniambia kwamba wakati ule alidhani ni mila, na kwenye mila mgeni haulizi mara ya pili.

"Na mkiwaona," alisema kwa sauti ya chini, "huwa mnawafanyaje?"

"Tunatupa mawe," alisema mwenyekiti kwa fahari. "Matawi pia. Tukipata lori, tunamwaga kifusi lori zima."

Sijawahi kuona mtu akiumia hivyo mbele ya hadhara. Alivua kofia. Akatuambia taratibu, karibu machozi yamtoke, kwamba korongo naye ni kiumbe cha Mungu na ana haki ya kuishi. Tusimtupie mawe. Tusimbughudhi. Tumwache astawi, azae, na siku moja watalii watatoka duniani kote kuja hapa hapa Mbulumbulu kumtazama.

Ungetegemea tucheke, lakini fikiria tunapokaa. Maisha yetu yote tumeona magari ya watalii yakipanda kwenda Ngorongoro, na kinachotazamwa kule ni nini? Shimo. Shimo kubwa lenye wanyama ndani, lakini shimo. Wakimaliza hapo wanashuka kutazama korongo lingine, lile la mifupa ya watu wa kale, na huko wanalipa tena. Niliona wazo hilo likitembea kutoka benchi hadi benchi. Mwenyekiti alisimama, akasema kwa uzito kwamba kreta ya Ngorongoro nayo lazima ilianza hivi hivi, mtu hajui la kwake litafika wapi. Jirani wa choo alipiga makofi. Mzee mmoja wa kanisa alipendekeza watu wapunguze kuotesha majani kingoni ili makorongo yakue haraka.

"Na sisi?" alisema mama. Hakupaza sauti. "Mimi nitawekwa wapi wakati nyie mnakuza?"

Hapo hasira yangu ilipanda na mimi nikasimama. Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka nilisema kwamba kama korongo lina haki ya kuishi basi mama yangu ana haki ya kufa vizuri, na mtaalamu akaitikia kwa nguvu sana, akaomba tuahirishe kikao ili twende akawaone korongo wenyewe.

Kabla ya kutoka aligawa fulana. Zilikuwa na picha ya ndege mwenye miguu mirefu na shungi la dhahabu kichwani. Unaweza kuuliza kwa nini hata hapo hatukushtuka. Lakini huku kila kitu kina mnyama. Unga una simba, gari la maji lina kifaru, hoteli zina tembo mlangoni, na hakuna aliyewahi kufungua kiroba cha unga akamkuta simba. Tulivaa fulana zetu juu ya masweta, tukatoka.

Mama alitangulia. Alimpeleka mtaalamu moja kwa moja chini ya mparachichi, akamwonyesha saruji ya baba, kisha akaonyesha pembeni yake, hewani.

"Pale," alisema. "Ndio nilikuwa pale."

Mtaalamu alitoa darubini yake akatazama angani. Sisi wote tulikuwa tumeinama tunatazama chini. Alitazama mparachichi, akatazama mawingu ya msitu wa Ngorongoro kule juu, akazunguka polepole na darubini machoni.

"Siwaoni," alisema. "Wako wapi?"

"Umesimama juu yake," alisema mwenyekiti.

Akashusha darubini, akarudi nyuma kwa mshtuko asije akamkanyaga, na ukingo ukaachia. Hakuanguka kwa kishindo. Aliteleza amekaa, taratibu, huku akitutazama, mpaka akafika chini, tope likampokea. Tuliteremsha kamba ya ng'ombe lakini hakuishika. Alikaa kule akitazama kuta za udongo pande zote mbili.

"Hii ndiyo korongo?" aliuliza. Aliona haya mpaka ngeli zake nazo zikawa za kwetu.

"Ndiyo yenyewe."

"Na ndege?"

"Ndege gani?"

Akaonyesha kifuani kwenye fulana yake. Tukatazama fulana zetu. Nyuma yetu, kwenye mabua ya ngano iliyovunwa, wale ndege walikuwepo, wanatembea kwa madaha na mashungi yao, wamekuwepo tangu asubuhi, kama walivyokuwepo tangu nizaliwe.

"Wale?" nilisema. "Wale tuna jina lao kwa lugha ya nyumbani. Kwa Kiswahili sisi tunasema ndege."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mwenyekiti, kisha kicheko kikatushika wote, mpaka mwalimu mstaafu akalazimika kukaa juu ya saruji ya baba, Mungu amsamehe. Mtaalamu naye alicheka kule chini. Mama peke yake hakucheka. Alisubiri tumalize.

"Kwa hiyo," alimwambia, "hamkuja kwa sababu ya mahali pangu."

Bwana yule angeweza kusema mengi, maneno alikuwa nayo. "Hapana, bibi," alisema. "Hatukujua."

Mama alikaza kitenge chake, akaenda zake nyumbani. Nilimchukia mtaalamu wakati ule, nikaichukia na fulana, nikaivua pale pale mbele za watu na kubaki na sweta.

Lakini alipopandishwa hakuondoka. Alisimama na tope lake akiutazama mkondo wa korongo unavyoteremka, akaniuliza maji haya yanaishia wapi. Nikamwambia ziwani, chini ya ukuta wa bonde, ule mteremko mkali. Akasema juzi alikuwa huko huko akiangalia ndege, pale kijito kinapoingia ziwani, na tope lilikuwa jingi mpaka akajiuliza linatoka wapi. Kwao pwani pia huona tope kama hilo kwenye mikoko, na huwalaani watu wa bara bila kuwajua. Hakuwahi kufika mwanzo wake. Alikunywa chai kwetu akiwa amejifunika shuka la mama wakati suruali inakauka, na mama, ambaye hawezi kumnyima mtu chai hata akimchukia, akamuuliza swali moja.

"Udongo wa mahali pangu uko huko mlangoni?"

"Bila shaka, bibi."

"Nipeleke nikauone."

Kesho yake gari la mradi likatuchukua, mama mbele, mimi nyuma na ndoo. Ndiyo, alibeba ndoo. Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki, akanijibu kwamba hajamwaga maji, amepoteza udongo. Tulishuka ukuta wa bonde, joto likatupokea, tukapita mashamba ya mpunga na migomba mpaka gari likakataa, tukatembea.

Sikuwa nimewahi kufika pale, ingawa nimeishi juu yake maisha yangu yote. Kijito chetu kilikuwa kimechoka. Kilitandaa kwa mapana, hakina haraka tena, na mbele yake ulikuwepo uwanja wa tope jekundu lile lile la shambani kwetu, umeingia ndani ya ziwa. Ndege walikuwa wamesimama juu yake wengi sana, mwari, heroe kwa mbali, na korongo wale wa shungi wakidonoa. Mtaalamu alituambia kwamba udongo ule unalijaza ziwa, na likijaa ndege hawatakuwa na pa kwenda. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichota maji alituuliza tumetoka wapi, akacheka aliposikia. "Nyie wa juu mnatutumia mashamba yenu," alisema. "Tumeshindwa tuwarudishie kwa njia gani."

Mama alisimama akitazama, na kwa mara ya kwanza tangu maziko ya baba nilimwona analia. "Wamesimama juu yangu," alisema. Nilimshika mkono.

Kisha akavua viatu, akaingia topeni, akajaza ndoo.

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari, askari wa hifadhi alitokea kwenye matete. Alikuwa mpole, akamwamkia mama vizuri, akatazama ndoo.

"Mama, hapa hairuhusiwi kutoa kitu. Hata jani."

"Hiki ni changu," alisema mama. "Kimetoka kwangu."

"Una kibali?"

"Kilikuja bila kibali. Kwa nini kirudi na kibali?"

Askari alimtazama mtaalamu, mtaalamu akatazama ziwa. Nikajaribu kueleza habari ya kaburi, kushoto na kulia, fisi, korongo na korongo, na nilivyozidi kueleza ndivyo uso wa yule askari ulivyozidi kusikitika. Mwisho alisema ameelewa, na nadhani hakuelewa, lakini udongo ukishaingia mle unahifadhiwa, hana la kufanya. Mama akamwaga ndoo bila ubishi. Nilishangaa, maana simjui kwa kushindwa.

"Na huu wa miguuni?" aliuliza.

Askari alitazama miguu yake myembamba yenye tope. "Huo umeganda, mama. Siwezi kukukwangua."

Mama akageuka, akaingia tena topeni, safari hii mpaka magotini. Alikanyagakanyaga mle kwa utulivu, akatoka amevaa soksi nene za udongo. Mtaalamu alivua viatu vyake vizuri, akamfuata. Nami nikaingia, ningefanyaje. Tulirudi Mbulumbulu watu watatu wazima tumenyoosha miguu ili isiguse kiti, na mama alipofika alitembea moja kwa moja hadi kwenye kile kinafasi cha kiti kando ya baba, akanawia miguu pale, akaturuhusu na sisi tunawie hapo hapo.

Mtaalamu aliwaambia wakubwa wake kwamba huwezi kuhifadhi korongo bila kuziba korongo. Baadaye alitusimulia kwamba mkuu wake alidhani ni methali ya Kiiraqw, akaipenda sana, akakubali. Ndiyo sababu ndani ya shimo letu mradi wa ndege ulijenga kuta za mawe na magunia ya udongo, moja chini ya nyingine, na mama akaziita milango. "Mlango wa tatu unavuja," alizoea kusema wakati wa chakula. Tulibeba mawe sote, na jirani wa choo alirudisha takataka zake. Kingoni tulipanda majani ya tembo, na tembo wa msituni, kwa kuwa wanajua kusoma, walikuja wakala mstari mzima. Tukapanda tena.

Masika yalipokuja nilisimama ukingoni na mwavuli. Maji yaliteremka mekundu, yakafika mlango wa kwanza, yakasimama. Yakaacha mzigo wake pale, yakapita juu yakiwa mepesi. Mvua kwa mvua, sakafu ya korongo ikawa inapanda. Mwanaume mwenye shamba la juu yetu alikuja akasema ule udongo ni wake, anautambua kwa rangi. Mama akamwambia auchukue, ila aanze na ule ulioko ziwani.

Sasa kando ya baba, upande wa kushoto, pamerudi. Pamekaribia kuwa sawa na shamba. Mama amepanda tena maua yake, anakula sahani yake yote na kuomba nyongeza, na wageni wakija anawapeleka kuwaonyesha. Kila jioni hushuka peke yake, akasimama juu ya mahali pake akapakanyaga kwa kisigino, huku na huku, kama anayejaribu godoro dukani.

"Bado pamelainika," huniambia akirudi. "Hapajawa tayari kubeba mtu."

Mimi niliyebeba mawe mpaka mabega yakachubuka, niliyeomba udongo ule urudi haraka, sasa nasimama mlangoni nikisubiri kusikia neno hilo, na nikilisikia ndipo naweza kuwasha moto wa ugali. Wiki iliyopita alikanyaga, akakanyaga tena. "Panaanza kuwa pagumu," alisema, kwa furaha.

Siku hizi, kabla sijaenda sokoni, nashuka na ndoo ya maji nayamwaga yote pale. Mama ananiona kutoka dirishani na kufurahi. Anadhani nimeanza kupenda maua.